Fundi Aliyeng'ata Bisibisi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na saba, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Saa naijua kwa sababu umeme ulipokatika, saa ya ukutani ya nyumba ya pampu nayo ilisimama. Wakubwa hawajaitengeneza mpaka leo. Ukiingia pale hata jioni, utaambiwa ni saa nne na dakika ishirini.

Mimi ni fundi wa pampu. Shule niliiachia darasa la nne, lakini pampu nazijua. Kituoni kwetu ziko tatu. Zinavuta maji bwawani na kuyasukuma mpaka mjini. Siku hiyo tulikuwa zamu moja watu watatu: mimi, kijana mmoja tunayemwita Mrefu, na fundi mwenzangu wa siku nyingi tuliyempa jina la Redio.

Pampu namba mbili ilikuwa mikononi mwa Redio. Alisimama karibu nayo, akifuta kioo cha kipimo. Mimi nilikuwa kwenye benchi, hatua nane kutoka pale, nikikata mpira wa kuzibia bomba. Mrefu alikuwa nje akipaka mafuta kwenye koki kubwa.

Niliinua macho nikaona moshi. Ulitoka kwenye beringi, ile pete ya chuma yenye gololi ndani inayobeba mhimili uzunguke bila kukwaruza.

"Redio, zima," nikasema kwa nguvu. "Zima hiyo."

Alikuwa amenipa kisogo. Hakugeuka. Akaendelea kufuta kioo chake taratibu, kama mtu anayefuta miwani.

Nikakimbia. Kabla sijafika, beringi ilipasuka, mhimili ukakatika, grisi ya moto ikanirukia mkononi, na umeme wa kituo kizima ukazimika. Mji ulikaa siku mbili bila maji. Mimi nilibaki na jeraha kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko.

Mrefu aliingia anahema. "Niliusikia mluzi wake tangu nje," alisema. "Beringi ilikuwa inalia, mzee. Huyu amesimama hapo hapo. Alikuwa anangoja nini?"

Swali hilo lilinikaa kichwani. Alikuwa anangoja nini?

Sasa nikueleze kwa nini tulimwita Redio. Tukikaa wawili watatu kupiga soga, yeye atasogea. Hatasema neno. Atasimama karibu, atakutolea macho mdomoni, kama anahesabu meno yako. Ukimsalimia kwa nyuma, haitikii. Ukimsalimia kwa mbele, anacheka kicheko kifupi, hata kama hujasema la kuchekesha. Tukasema huyu ananasa maneno ya watu na kuyarusha ofisini. Ndiyo Redio.

Na alikuwa na tabia nyingine. Sisi mafundi tukitaka kujua hali ya beringi, tunaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni. Unasikia ndani kama daktari anavyosikiliza kifua. Redio hakuuweka mpini sikioni. Aliung'ata. Anauma mpini kwa meno, anafumba macho, anatulia. Mrefu alikuwa akimwambia, "Mzee, ungeuchemsha kwanza, mbichi huo." Tunacheka. Redio naye anacheka, hajui tunacheka nini.

Lakini kinyongo changu kilikuwa cha zamani kuliko hiyo pampu. Mwaka juzi mke wangu aliugua. Ruhusa niliomba, ofisi ikaninyima. Kwa hiyo mchana nilikuwa natoroka kidogo kwenda kumpa dawa na uji, halafu narudi. Nilimwambia mtu mmoja tu, tukiwa kwenye benchi, na Redio alikuwa amesogea kama kawaida yake. Wiki hiyo hiyo nikaitwa ofisini. Mkuu wa kituo alikuwa anazijua siku zangu zote na saa zangu zote. Nikaonywa kwa barua. Nikaacha kutoka mchana. Alhamisi ya wiki iliyofuata mke wangu alifariki saa saba mchana, mimi nikiwa natia grisi pampu namba moja.

Nani alipeleka habari zangu? Mimi sikuhitaji kuambiwa.

Kesho yake baada ya ajali, Mkuu aliniita. Meza yake ina kioo juu, hata karatasi inateleza.

"Mzee, pole na mkono," alisema bila kuutazama. "Makao makuu wanataka jina. Uandike maelezo. Andika kwamba mwenzako alizembea, alikuwa karibu na hakuchukua hatua. Ijumaa uniletee."

"Na yeye?"

"Ataondoka. Wewe una wasiwasi gani? Si ndiyo ukweli?"

"Ndiyo ukweli," nikasema.

Nakwambia, nilitoka pale moyo ukiwa mwepesi. Miaka miwili nilingoja. Sasa kazi ya Redio, miaka yake kumi na sita, ilikuwa kwenye ncha ya kalamu yangu.

Nyumbani nakaa na mama mkwe wangu. Alikuja kumuuguza mwanawe, akabaki. Jioni hiyo nilikuwa mezani na karatasi. Kuandika kwangu ni kazi ya jasho, naandika kama ninayechonga jiwe.

"Unaandika barua ya posa?" mama akaniuliza.

"Hapana mama. Namwandika yule aliyemuua mwanao."

Akatazama pembeni. "Mwanangu aliuawa na ugonjwa, mkwe wangu. Lakini endelea, kalamu ni yako."

Hapo jirani yetu muuguzi akabisha hodi. Anafanya kazi zahanati, kwenye chumba cha kupima masikio. Alikuwa rafiki wa mke wangu, kwa hiyo ananiita shemeji. Alikuja kunifunga kidonda. Akifungua bandeji, akaisoma karatasi bila aibu.

"'Nilimwita hakugeuka,'" akasoma. "Huyu mwenzako, ukimwita kwa nyuma huwa anageuka?"

"Hajawahi. Ana kiburi."

"Mkiongea anasogea?"

"Anasogea kunasa maneno."

"Na anawatazama midomo?"

Nikainua macho kumtazama. Nani alikuwa amemwambia?

"Shemeji," akasema, "mambo hayo yote, mimi huyaona kila wiki. Mtu anayetazama midomo anatafuta maneno. Huyo hasikii."

"Anasikia," nikasema. "Ukimuuliza kitu anajibu. Anajifanya."

"Masikio hayafi siku moja kama taa. Kelele za mashine huanza kula sauti nyembamba: mluzi, ndege, mlio wa beringi. Baadaye zinakula ncha za maneno. Anasikia kwamba mtu anaongea, hapati anasema nini. Basi anabahatisha. Anacheka wenzake wakicheka."

"Na bisibisi je? Anaing'ata."

Muuguzi akakaa chini. "Maskini," akasema. "Anahisi mtetemo. Chuma kikiugua kinatetemeka, na meno yanaupokea. Amejitafutia njia, na nyinyi mmemfanya kichekesho."

Mama mkwe alinitazama kwa muda. Macho yake yalikuwa mabaya kuliko matusi.

"Kamuulize," muuguzi akasema. "Usimtegee mtego. Kaa mbele yake, uso wako uwe kwenye mwanga. Sema polepole, usipige kelele, maana kelele inaharibu umbo la mdomo. Na akikuambia siri yake, ni yake. Usiipeleke kokote bila ruhusa."

Nilisema sawa. Lakini mimi si mtu wa kuamini haraka. Alhamisi asubuhi nilimtegea mtego.

Pampu namba moja na namba tatu zilikuwa zinanguruma. Redio alikuwa ameinama, anafagia vipande vya chuma. Nikamsogelea kwa nyuma nikaachia spana kubwa sakafuni, hatua tatu kutoka kisigino chake. Mrefu aliruka kutoka upande wa pili wa ukumbi. Redio hakuinua hata bega. Akaendelea kufagia. Akarudi nyuma, akafagia, mpaka ufagio ukagonga spana. Akaiokota, akaifuta kwa kitambaa, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Kaka, spana yako imeanguka," akasema. "Angalia isikuumize mguu. Mkono tu unatosha."

Niliipokea. Sikujua niiweke wapi.

Wakati wa chai nilimwonyesha kwa kidole chumba cha zana, kule ambako mlango ukifungwa kelele inapungua. Alikuja, lakini alikaa karibu na mlango. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeitwa kufukuzwa.

Nikakaa upande wa dirisha ili mwanga unipige usoni. Nikasema polepole, "Masikio yako. Yana tatizo?"

"Nani amesema?" Akasimama. "Mrefu? Mkuu? Nani?"

"Hakuna aliyesema. Nimeona mwenyewe. Kaa, ndugu yangu."

Hakukaa. "Umetumwa?"

Hapo ndipo nilipojiona. Hilo lilikuwa swali langu. Mimi ndiye wa kuuliza nani katumwa. Nikamwonyesha karatasi yangu, nikaichana vipande viwili mbele yake, nikaiweka juu ya meza.

Akakaa. Akavisoma vipande vile. Alisoma kwa haraka kuliko mimi ninavyoandika.

"Mwaka wa tatu sasa," akasema. "Mke wangu ndiye anajua, basi. Nikisema, watanitoa. Nani anaajiri fundi kiziwi? Kwa hiyo natazama midomo."

"Mbona ulikuwa unasogea tukiongea?"

"Nilidhani mnaniongelea mimi. Nikifika mnanyamaza. Mngekuwa nyinyi mngedhani nini?"

Kumbe miaka yote hiyo sisi tulimwogopa yeye, na yeye alituogopa sisi, na katikati hakuna aliyeuliza.

"Mke wangu alipokuwa mgonjwa," nikasema, "ulijua?"

"Nilijua una jambo. Ulikuwa unakula umesimama. Nilitaka kukuuliza, nikaogopa utanijibu nisisikie, nikucheke kumbe unalia." Akavipanga vile vipande viwili vya karatasi mezani. "Nilikuja kujua msibani, kaka."

Halafu akaniuliza swali moja kwa sauti ya chini. "Siku ile beringi ilikuwa inalia. Mrefu aliisikia akiwa nje. Mimi sikusikia. Wewe ulikuwa hatua nane. Ulisikia?"

Niliona moshi, hilo nalikumbuka. Mluzi siukumbuki.

Alasiri hiyo tulikwenda zahanati wote wawili. Unakaa ndani ya kibanda kidogo, unavaa vipokea sauti, ukisikia mlio unainua kidole. Redio alikaa muda mrefu bila kuinua kidole. Nikamhurumia. Halafu nikaingia mimi. Nilingoja mlio. Nikangoja. Nikageuka kumwambia muuguzi kwamba mashine yake mbovu, nikamkuta ananitazama kupitia kioo kwa uso ule ule aliomtazama nao Redio.

"Sikio la kushoto limekwenda sana, shemeji," akaniambia baadaye. "La kulia bado lina uhai. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa."

"Kelele gani ni kelele mbaya?" nikamuuliza. "Sisi tumeizoea."

"Masikio hayazoei, yanachoka tu. Nikupe kipimo cha bure. Msimame na mwenzako, mmoja amfikie mwingine kwa kunyoosha mkono. Kama lazima mpaze sauti ili msikilizane, kelele hiyo inawala. Hapo lazima mfunike masikio. Kazini hawajawapa vya kufunika?"

Redio alikuwa anamtazama mdomo. Akacheka, na safari hii alijua anacheka nini. "Vipo," akasema. "Maboksi manne, stoo. Niliyapokea mwenyewe kutoka kwenye gari miaka mitano iliyopita. Stoo ikafungwa."

Nilitaka kwenda kuvunja kufuli ile jioni ile. Redio alinishika bega. Nikamuuliza, "Naweza kumwambia Mkuu habari zako, na zangu?"

Alifikiri mpaka tulipofika barabarani. "Useme," akasema. "Lakini niwe nimekaa pale pale. Na ukisema, unitazame mimi."

Ijumaa tuliingia ofisini pamoja. Niliweka mezani maelezo mapya na vyeti viwili vya kupima masikio. Nilisema yote, uso wangu ukiwa kwa Redio, kwa hiyo Mkuu alikuwa anasikiliza upande wa shavu langu.

"Kwa hiyo kituo changu kina mafundi viziwi," Mkuu akasema.

"Kina mafundi walionyimwa vya kuziba masikio," nikasema. "Ukimfukuza huyu, nifukuze na mimi, tatizo ni moja. Na makao makuu tutawaambia kuhusu maboksi manne. Kufuli ni yako."

Mkuu alitelezesha karatasi zangu juu ya kioo, huku na huku. Nikaona nafasi. Nikamuuliza jambo lililokuwa linanitafuna.

"Mwaka juzi, nani alikuletea habari kwamba natoroka mchana? Alikuwa huyu?"

Alinishangaa kweli kweli. "Kuniletea? Mzee, si ulikuwa unasaini mwenyewe?"

Akavuta droo, akatoa kitabu cha getini. Kitabu hicho sisi tuliamini kimewekwa pale kukusanya vumbi. Mlinzi anakusogezea, unajaza, unapita. Akafungua kurasa za mwaka juzi. Mwandiko wangu ule wa kuchonga jiwe. Jina, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Mara kumi na moja.

Redio hakuwa amenasa kilichosemwa. Akaniangalia. "Anasema nini?"

Nilimgeukia, mwanga ukinipiga usoni. "Anasema si wewe," nikamwambia. "Anasema hukuwa wewe hata siku moja. Naomba unisamehe."

Alinipiga bega, pole pole, upande usio na kidonda.

Sasa kituoni tunaishi hivi. Anayemfuata Redio huzunguka kwanza, aonekane ndipo aseme. Akiwa mbali tunawasha na kuzima tochi mara mbili. Hatumuulizi "umesikia?", maana kila mtu hujibu ndiyo. Tunamwomba aturudishie kwa maneno yake tulichosema. La muhimu tunaliandika. Kengele ya hatari imewekewa taa nyekundu inayozunguka, na makao makuu ndio waliolipia, maana barua yetu haikupitia kwa Mkuu. Maboksi manne yametoka stoo. Mrefu alikataa kuvaa vile vifuniko siku ya kwanza, akasema vinambana. Nilimpeleka chumba cha zana, nikamwonyesha cheti changu. Tangu hapo anavaa hata wakati wa chai.

Na jina la Redio tumelifuta. Tunamwita Fundi Mkubwa. Mrefu ndiye aliyeanza.

Wiki ya sita baada ya ajali, Fundi Mkubwa alikuwa kwenye pampu namba tatu. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye beringi, akaung'ata mpini, akafumba macho. Kisha akainua mkono.

"Kuna mchanga," akasema.

Mrefu akaweka sikio. "Mimi sisikii kitu, mzee."

"Hata mimi sisikii. Ila meno yanaona mchanga."

Zamani tungecheka. Tulizima pampu, tukafungua. Gololi moja ilikuwa imeanza kumenyeka, kipande kidogo kama punje ya chumvi. Tuliibadilisha beringi kabla ya saa sita. Mjini hakuna aliyekosa maji, wala hakuna aliyejua kwamba alikuwa karibu kuyakosa. Mrefu alichukua bisibisi akajaribu kuing'ata, akasema ladha yake mbaya.

Nilimsimulia mama mkwe jioni. Akauliza, "Na ile barua yako ya posa?"

"Nimeichana, mama."

"Vizuri," akasema. Akanisogezea chai.

Ningeishia hapo, lakini kuna jambo limebaki. Siku ile ofisini, kitabu cha getini kilipokuwa wazi, Mkuu alikuwa ameweka kidole kwenye saa nilizotoka. Mimi niliona mstari mzima. Baada ya saa ya kurudi kuna nafasi moja zaidi, imeandikwa "Sababu." Nilikuwa nimeijaza mara zote kumi na moja. Maneno mawili yale yale.

Kwenye daftari letu la zamu kuna ukurasa wa kulia wa majibu ya ofisi. Niliandika swali langu kushoto, kwa herufi kubwa, nikaweka tarehe. Sasa ni mwezi wa tano tangu nilipoliandika. Kila asubuhi Fundi Mkubwa hulifungua daftari kabla yangu, hutazama upande wa kulia, kisha hunitikisia kichwa. Upande ule bado mweupe. Swali lenyewe ni hili: Mkuu, ulisoma saa nilizotoka mara kumi na moja, pembeni yake niliandika "mke mgonjwa", mbona huko hukusoma?